Muuguzi amempa mama karatasi ya rangi tatu, akamwambia ajitunze mwenyewe. Hii ni huduma ao ni kututupa?

#1 Toto_ya_Katindo (Goma)
Jambo wote. Niko na swali na niko na mujomba, na mujomba njo shida yenyewe.

Mama ana miaka 63. Amechoma mikate ya mafuta zaidi ya miaka 30, kwanza kwa kuni kule Masisi, halafu kwa makala (makaa) hapa Goma. Sigara hajawahi kugusa. Alikuwa anakohoa kila asubuhi toka zamani, sisi tukasema ni baridi ya Goma. Mwaka jana pumzi ikaanza kukatika. Toka nyumbani mpaka barabara ya lami alikuwa anasimama mara tatu, na kila akisimama anajifanya anasalimia mtu ili tusione.

Hospitali moja ikasema asma. Nyingine ikasema moyo. Ya tatu ikampulizisha kwenye mashine, wakasema ni BPCO, ugonjwa wa mapafu wa kudumu, hauponi. Tukarudishwa kwa muuguzi wa kituo cha afya cha karibu. Huyo mama muuguzi akakaa na mama Alhamisi nne, kila mara karibu saa nzima. Kamfundisha kupumua kama mtu anayepoza chai, kutumia pompi (dawa ya kuvuta kwa mdomo) kwa kupitia chupa ya maji iliyotobolewa, kisha akamwandikia karatasi ya kijani, manjano na nyekundu. Juu ya hiyo akampa bahasha ya dawa za siku tano: "Ukiingia manjano, anza hizi, halafu unipigie simu siku hiyo hiyo."

Mujomba amewaka moto. Anasema, "Muganga analipwa, halafu anamwambia mgonjwa ajitibu! Wamemchoka dada yangu." Mimi sijui la kusema, kwa sababu sasa ni mwezi wa tatu mama hajalala hospitali, na mbele ya hapo tulikuwa tunalala huko kila mara. Ni karatasi njo imefanya kazi, ao kuna kitu ingine?

#2 Fundi_wa_Tshukudu (Goma)
Mujomba iko na haki. Leo unajipimia pumzi, kesho watakupa kisu na kioo ujipasue mwenyewe. 😂

#3 Blouse_Nyeupe (Bukavu)
Salamu Toto. Mimi ni muuguzi, miaka 17 kazini, na karatasi za namna hiyo nimeziandika.

Mwambie mujomba ahesabu. Mwaka una siku 365. Hata mama akija kwetu kila mwezi, siku 353 yuko peke yake na mapafu yake. Usiku saa nane anayeamua kama aamshe watu ao avumilie ni yeye. Alikuwa anaamua tangu zamani, ila kwa woga na kubahatisha. Muuguzi hakumpa kazi mpya. Amempa namna ya kuifanya ile aliyokuwa nayo.

Kijani ni siku ya kawaida yake, si ya kwako wewe kijana. Manjano ni pale pumzi inapokuwa fupi kuliko kawaida yake zaidi ya siku moja, makohozi yanaongezeka ao yanatoka kwenye weupe kwenda manjano ao kijani. Nyekundu ni kushindwa kumaliza sentensi moja, midomo kuwa ya bluu, kusinzia ovyo ao kuchanganyikiwa. Hapo hakuna bahasha wala simu ya salamu, ni kupanda moto (pikipiki) ao gari mpaka hospitali.

Na ile ya kupoza chai si mchezo. Kwenye BPCO shida kubwa ni hewa kushindwa kutoka. Njia ndogo ndogo za mapafu zinajifunga kabla hewa haijaisha, mtu anabaki amejaa kama mpira halafu anataka kuvuta nyingine juu yake. Ukitoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, zile njia zinabaki wazi kidogo zaidi. Dawa haina bei, lakini hakuna anayeijua bila kuonyeshwa.

#4 Mzee_wa_Lava (Goma)
Wote munazunguka. Hapa Goma kinachoua mapafu ni mulima. Mimi nimekimbia lava Januari 2002, nikakimbia tena tarehe 22 Mei 2021. Nyiragongo inatoa moshi kila siku, na chini kuna mazuku. Bamama banavuta mazuku miaka 30, halafu munasema ni mikate. Muache mikate ya watu.

#5 Mwana_wa_Kivu (Goma)
@Mzee_wa_Lava shikamoo, lakini mazuku hapana. Mazuku ni hewa ya kaboni (CO2) inayotoka ardhini na kukaa mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi akiingia anaanguka pale pale, na mtu vilevile. Inaua kwa dakika, haikai ikikuharibu miaka 30. Moshi wa mlima wenye salfa ni kitu kingine, huo kweli unawasha kifua na mwenye BPCO atausikia kabla yetu. Vumbi letu jeusi la lava pia siwezi kulitetea, muulize dereva yeyote wa moto. Lakini mtu asiyevuta sigara, aliyeinama juu ya kuni tangu usichana, kwenye jikoni isiyo na dirisha? Huhitaji volkano kueleza hilo.

#6 Mzee_wa_Lava (Goma)
Basi volkano nusu, mikate nusu.

#7 Kaka_wa_Katuba (Lubumbashi)
Bonjour bandugu ba Goma. Mi niko Lubumbashi, huku tanuru ya shaba iliwashwa 1911, kwa hiyo mambo ya moshi musitufundishe. 😀 Baba alifanya kazi ya mawe miaka mingi, mapafu yake yalijaa vumbi la mawe. Walisema ni silikosi, si BPCO, lakini pumzi fupi ni ile ile.

Nilichotaka kusema kwa mujomba ni hiki. Anashangaa muuguzi kuongoza matibabu? Kwetu Kongo kituo cha afya kinaongozwa na nani kama si titileri, na titileri si muuguzi? Mtoto wa homa, mama wa mimba, mzee wa presha, wote wanaonwa na muuguzi, sisi wenyewe tunamwita muganga. Ulaya wanaandika vitabu kwamba wauguzi wameanza kuongoza, sisi bibi zetu walizaliwa mikononi mwao. Kipya hapa si muuguzi. Kipya ni kukaa na mgonjwa saa nzima. Hapo ndipo ningeuliza: nani kampa huyo mama hiyo saa, wakati nje kuna watu 40 kwenye benchi?

#8 Blouse_Nyeupe (Bukavu)
#7 umenigusa penye kidonda. Mimi huwa nafanya baada ya saa saba, benchi ikiisha. Hakuna anayenilipa kwa saa hiyo. Nikipata uhamisho, aliyekuja nyuma yangu hatafanya, na sitamlaumu.

#9 Nasoma_Tu (Goma)
Samahani, nitaharibu sherehe kidogo. Jambo hili limepimwa na majibu hayafanani.

Quebec, Kanada, 2003: wagonjwa 191 wa hospitali 7. Waliofundishwa nyumbani kila wiki kwa miezi miwili, kisha wakapigiwa simu kila mwezi, kulazwa kwa sababu ya BPCO kulipungua kwa karibu asilimia 40. Vizuri sana. Glasgow, 2012: wagonjwa 464, wauguzi wakafundisha, karatasi zikatolewa, na mwaka ulipoisha kulazwa na vifo vilikuwa sawa na kwa wale ambao hawakufundishwa. Walipochungulia ndani wakakuta kama asilimia 42 tu ndio waliojua kweli kuitumia karatasi, na hao walilazwa mara chache kuliko wengine. Mwaka huo huo wa 2012 ukachapishwa utafiti wa Marekani, wagonjwa 426 wa hospitali 20 za wanajeshi wastaafu. Huo ulisimamishwa katikati kwa sababu kwenye kundi lililofundishwa walikufa watu 28, na kwenye kundi lingine 10. Waandishi wenyewe hawakupata sababu.

Sisemi mama atupe karatasi. Nasema mujomba si mjinga.

#10 Fundi_wa_Tshukudu (Goma)
Nilisema mimi. Nani anacheka sasa.

#11 Blouse_Nyeupe (Bukavu)
@Nasoma_Tu asante kwa kuleta zote tatu, watu wengi huleta ile tamu peke yake. Lakini angalia kilicho ndani. Quebec mtu alikuja nyumbani wiki nane na akaendelea kupiga simu. Ile ya Marekani siwezi kuieleza kwa kuwa hata wenyewe hawakuweza. Hofu yangu mimi, na ni hofu tu, ni mgonjwa kujiamini akiwa tayari kwenye nyekundu. Amekunywa vidonge vya bahasha, anangoja vifanye kazi, na saa zinakwenda. Ndiyo maana kwangu sharti la simu ni kubwa kuliko sharti la vidonge. Asiye na simu wala jirani mwenye simu simpi bahasha. Karatasi nampa, bahasha hapana.

#12 Mama_Sambaza (Goma)
Niruhusuni niseme ya mume wangu. Alipewa pompi, akaificha chini ya godoro miezi miwili. Kwa nini? Kwao walisema ukianza pompi umeshaanza kufa, hutaiacha tena. Alikuwa anakunywa tangawizi na mafuta ya chatu, nyumba inanuka mpaka sambaza zangu (samaki wadogo ninaouza) zikaona haya.

Aliposhindwa kabisa akaitoa. Tukarudi kwa muuguzi tukilalamika kwamba dawa haina nguvu. Muuguzi hakubishana. Akasema, "Papa, nionyeshe unavyofanya." Papa akaibonyeza pompi mdomoni mwake kama mtu anayejipulizia marashi, akavuta pumzi kwa pua, dawa yote ikagonga ulimi. Hakuitikisa. Tena ilikuwa imeisha! Zile dozi 200 za ndani zilikwisha siku nyingi, lakini gesi ilikuwa inatoka bado, kwa hiyo yeye aliamini iko. Miezi yote ile tulikuwa tunalipia upepo.

Akampa chupa ya nusu lita. Unatoboa kitako kwa waya wa moto kwa umbo la mdomo wa pompi, unaichomeka hapo na kuziba pembeni, halafu unavuta kwa mdomo wa chupa. Tikisa, bonyeza mara moja, vuta polepole, shika mpaka kumi ukiweza. Siku hiyo hiyo alitembea mpaka getini na kurudi. Kwa hiyo Toto, kwangu jibu ni chupa. Karatasi yetu iliraruliwa na mtoto, na mzee bado anapumua.

#13 Nasoma_Tu (Goma)
Chupa ina ushahidi wake. Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye asma, wakachapisha 1999, chupa ya nusu lita ikafanya kazi sawa na vifaa vya dukani. Watoto wa asma lakini, si wazee wa BPCO. Naongeza tu ili mtu asinikamate baadaye.

#14 Blouse_Nyeupe (Bukavu)
Na uioshe kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta na kitambaa, plastiki inavuta dawa na dawa inabaki ukutani mwa chupa.

#15 Toto_ya_Katindo (Goma)
Nimesoma zote, aksanti. Ngoja niseme kitu ambacho sikusema kwanza. Ule mwezi muuguzi alianza, muke wa kaka yangu alihamia kwetu. Tangu siku hiyo mama hakaribii mbabula (jiko la makala). Mukamwana anachoma mikate nje, chini ya bati, mama anahesabu pesa tu. Tena mvua zilianza, vumbi likalala.

#16 Fundi_wa_Tshukudu (Goma)
Kumbe dawa ni mukamwana! Muuguzi arudishe Alhamisi zake nne.

#17 Mwana_wa_Kivu (Goma)
Usicheke, huenda ndiyo sababu kubwa. Mapafu yaliyoharibika hayarudi, lakini ukitoa moshi unapunguza kuwashwa kwa kila siku. Tatizo ni kwamba sasa mukamwana ndiye anayevuta. Toto, hata nje anainama juu ya moto uleule. Umeme upo kwa baadhi ya mitaa tangu kituo cha umeme cha Matebe kifunguliwe 2015, lakini kuchoma mikate ya biashara kwa umeme? Hesabu haikubali. Makala ya msitu wa Virunga bado yanashinda.

#18 Mzee_wa_Lava (Goma)
Mvua pia inafukuza moshi wa mulima. Naliacha hapo.

#19 Da_Faida (Goma)
Mimi ile bahasha inaniogopesha. Jirani yetu alipewa predniso (vidonge vya steroidi, namna ya vile vya bahasha) mara moja, akasikia raha, akawa anajinunulia mwenyewe sokoni Birere kila kifua kikibana. Uso ukawa duara kama mwezi, tukamsifia kwamba amenenepa, Mungu amemkumbuka. Baadaye sukari ikapanda, mguu ukavunjika kwa kuteleza kidogo tu. Hakuna muuguzi aliyekuwa anahesabu bahasha zake.

#20 Blouse_Nyeupe (Bukavu)
Da Faida umesema jambo ambalo lingetakiwa kuwa juu kabisa ya uzi huu. Bahasha ni moja. Ikitumika, mgonjwa anarudi nayo tupu, tunaongea kilichotokea, ndipo anapata nyingine. Siku tano ni siku tano. Uswisi walilinganisha siku 5 na siku 14 za predniso, wakachapisha 2013, na zile 5 hazikuwa mbaya zaidi. Dozi siandiki hapa, musinilazimishe kwa ujumbe wa faragha, nawajua.

Toto, na mimi nina swali. Mama aliwahi kutibiwa kifua kikuu?

#21 Toto_ya_Katindo (Goma)
Ndiyo, 2009, alimaliza miezi yote sita. Kwa nini?

#22 Blouse_Nyeupe (Bukavu)
Kwa sababu kifua kikuu kikipona kinaweza kuacha makovu, na makovu hayo yanaweza kuziba njia za hewa mpaka mashine itoe picha inayofanana na ya BPCO. Mashine inalinganisha hewa unayotoa kwa sekunde ya kwanza na hewa yote uliyotoa. Ikiwa chini ya 0.70 hata baada ya pompi, inasema njia zimeziba. Haisemi nani kaziziba, moshi ao kifua kikuu. Kujitunza kunafanana kwa sehemu kubwa, lakini kila akikohoa upya wiki mbili, ao akipungua uzito, ao akitoka jasho usiku, makohozi yapimwe tena. Asiseme "ni manjano yangu ya kawaida". Hapo karatasi inaweza kumdanganya.

#23 Kaka_wa_Katuba (Lubumbashi)
Haya, sasa tuna moshi wa mikate, kifua kikuu cha 2009, mulima, chupa, mvua, mukamwana na Alhamisi. Mtu mmoja tu huyo mama!

#24 Farmasi_ya_Kona (Goma)
Munaongea kama pompi zinaota kwenye mti. Tangu Januari 2025 uwanja wa ndege ufungwe, mzigo unakuja kwa njia ndefu na bei inafuata njia. Kuna wiki niko na za bluu tu, za kufungua kifua haraka, za kuzuia sina. Wateja wanagawana pompi moja watu watatu. Muuguzi anaweza kufundisha vizuri sana mtu asiye na kitu mkononi. Na hawa walioufunga wangejua...

#25 Mlinzi_wa_Uzi
Farmasi, simama hapo. Siasa ina jukwaa lake.

#26 Farmasi_ya_Kona (Goma)
Nilikuwa nataka kusema "wangejua bei ya pompi". Sawa, nimesimama.

#27 Kaka_wa_Katuba (Lubumbashi)
Toto, mama anasoma? Naulizia ile karatasi. Baba yangu hakusoma, angepewa rangi tatu angefikiri ni bendera.

#28 Toto_ya_Katindo (Goma)
Hapana, hasomi. Hapo muuguzi alifanya kitu ambacho sikukiandika kwa sababu niliona ni upuuzi. Alhamisi ya pili alimsindikiza mama toka kituoni mpaka barabarani. Mama akasimama, "Jambo mama nani." Akasimama tena, "Jambo papa." Muuguzi akamuuliza, "Hawa wote unawajua?" Mama akacheka mpaka akakohoa. Hajawahi kumwambia mtu, hata mimi nilijua kwa kumchungulia.

Basi muuguzi akasema karatasi ni ya watoto, yeye ahesabu salamu za uongo. Moja ao mbili mpaka barabarani ni kijani. Zikipita tatu siku mbili mfululizo, ao makohozi yamebadilika rangi, ni manjano. Asipoweza hata kutoa hiyo salamu, ni nyekundu. Na kila Alhamisi simu inalia, swali ni moja: "Mama, umesalimia wangapi?"

#29 Nasoma_Tu (Goma)
Hii sijaisoma popote.

#30 Mama_Sambaza (Goma)
Mimi ningepona kwa simu peke yake. Tangu nizae hakuna aliyenipigia kila Alhamisi kuniuliza kitu chochote. Huenda mama alikuwa analazwa kwa woga, na woga ukipata mtu wa kuongea naye unalala. Bado nasema chupa, lakini na hiyo pia.

#31 Mwana_wa_Kivu (Goma)
Subirini kiangazi. Juni mpaka Agosti vumbi likiamka, ndipo tutajua kama ni salamu ao ni mvua.

#32 Fundi_wa_Tshukudu (Goma)
Na mujomba? Bado anawaka?

#33 Toto_ya_Katindo (Goma)
Bado. Amesema atakwenda mwenyewe kumuona muuguzi Alhamisi amweleze kazi yake. Anavuta pakiti moja kwa siku, na kituo kiko kwenye mlima. Mama amemwambia apite kwa watu wengi wa kusalimia.

Jana mama alifika lami na kurudi. Nikamuuliza wangapi. Akasema mmoja tu, tena huyo anamjua kweli, anamdai pesa ya mikate.

#34 Mgeni_Ndosho (Goma)
Nimechelewa, nisameheni. Chupa ya lita moja na nusu haifai?

#35 Mama_Sambaza (Goma)
Nusu lita. Na umwage maji kwanza, papa mmoja alisahau hapo.